Kwa nini kaya inayolima alizeti hubaki na deni ilhali mafuta ni ghali mjini?

Mwalimu wa Kimara ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ninayeishi Kimara, lakini kwetu ni Iramba, mkoani Singida, ambako wazazi wangu na kaka yangu mkubwa wamelima alizeti tangu nikiwa mtoto. Nilipokwenda likizo nilikaa na baba tukapitia daftari lake la mahesabu, ambalo ameliandika kwa mkono wake kwa miaka mingi bila kumwonyesha mtu, na tangu niliporudi Dar es Salaam sijapata utulivu kwa niliyoyasoma humo.

Nitaeleza msimu mmoja tu, wa mwaka 2023, kwa sababu ndio ulioniumiza zaidi. Mwaka uliotangulia gunia la kilo 65 waliliuza kwa shilingi 75,000, na kijiji kizima kikaamini kwamba alizeti imekuwa dhahabu. Kwa hiyo walilima ekari nne zote za familia kwa zao hilo. Mwezi Februari mama aliugua, na baba akachukua shilingi 200,000 kwa mfanyabiashara wa pale kijijini kwa makubaliano ya kumlipa magunia manane wakati wa mavuno. Mavuno yalipofika walipata magunia 24. Manane yakaenda kwa mdai siku ileile yalipofungwa, na kumi na sita yaliyobaki wakayauza kwa shilingi 36,000 kila moja, kwa kuwa bei ilikuwa imeanguka kwa zaidi ya nusu. Jumla ni shilingi 576,000. Trekta lilikuwa limechukua 160,000, palizi ya vibarua 120,000, mbegu na magunia matupu 60,000, na kubeba kutoka shambani 36,000. Ukitoa hayo yote zinabaki shilingi 200,000, yaani fedha ileile iliyokopwa mwezi Februari ndiyo iliyobaki mwezi Julai, na ndiyo iliyotakiwa kuwalisha watu watano mpaka msimu mwingine. Wala humo hamna hata senti moja ya kazi waliyoifanya wao wenyewe, tangu kupanda hadi kupiga vichwa vya alizeti kwa fimbo.

Mwaka huohuo mimi nilikuwa nanunua lita moja ya mafuta ya alizeti hapa Kimara kwa shilingi 5,500. Gunia moja la kwetu hutoa lita kama 16. Sihitaji kuwa mtaalamu wa uchumi kuona kwamba mafuta yanayotoka katika gunia la shilingi 36,000 yalikuwa yakiuzwa mjini kwa shilingi 88,000.

Sasa kaka yangu anapendekeza kwamba tununue mashine ya kukamua, tuiweke kando ya barabara kuu pale Misigiri, tukamue alizeti yetu na ya majirani, na tuuze mafuta kwa abiria wa mabasi na madereva wa malori kama wengine wanavyofanya. Fedha ya mashine anaomba niikope mimi kwa dhamana ya mshahara wangu. Ninampenda kaka yangu na ninaona haya kumkatalia, lakini ninaogopa kuhamisha deni kutoka kwa baba kuja kwangu. Ninachoomba kwenu ni kunisaidia kuelewa ugonjwa wenyewe kabla ya kununua dawa: je, kaya kama yetu hukwamishwa na bei, na mbegu, na ukosefu wa mashine, au na jambo jingine ambalo mimi niliyezaliwa humo silioni?

Bwana Shamba Mstaafu amejibu:

Mwalimu, umefanya jema kuanza na daftari. Katika miaka yangu ya kazi niliwaomba wakulima wengi waniandikie mapato na matumizi, na waliofanya hivyo walikuwa wachache mno. Mpe baba salamu zangu za heshima.

Kuhusu bei, msimu wenu wa 2023 haukuamuliwa Iramba. Zaidi ya nusu ya mafuta ya kula tuliyotumia nchini wakati huo yaliletwa kutoka nje, na sehemu kubwa ilikuwa mawese ya Indonesia na Malaysia yanayoshushwa katika bandari hiihii ya Dar es Salaam. Mwezi Februari 2022 vita vilianza Ukraine, nchi ambayo pamoja na Urusi huuza zaidi ya nusu ya mafuta ya alizeti yanayovuka mipaka duniani. Mwishoni mwa Aprili Indonesia nayo ikazuia mawese yake yasitoke, na zuio hilo likadumu zaidi ya wiki tatu. Bei ikapanda kila mahali, na ndiyo maana mlipata 75,000. Kuanzia katikati ya mwaka huo bei ya mawese duniani ikaporomoka, lakini mkulima wa Iramba alipanda Desemba na Januari akiwa na bei ya jana kichwani. Wote mlilima nyingi kwa pamoja, mkavuna kwa pamoja, na mkaingia sokoni wakati mawese ya bei nafuu yamekwisha kurudi katika maduka ya Kariakoo. Serikali hujaribu kuweka ukuta kwa ushuru wa forodha, kama ilivyofanya katika bajeti ya 2018/19 ilipoupandisha kuwa asilimia 25 kwa mafuta ghafi na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa, ila ukuta huo una watu pande zote mbili. Mama lishe wa Buguruni anayenunua mafuta ya kupima kila asubuhi naye ni raia, na mafuta yakipanda sauti yake husikika upesi kuliko ya baba yako.

Hata hivyo, bei haikuwakuta ninyi peke yenu, na si kila nyumba iliumia sawa. Jambo lililonishtua katika maelezo yako ni maneno haya: "walilima ekari nne zote za familia kwa zao hilo." Chakula cha mwaka huo kilitoka wapi? Ninavyoijua Singida, nyumba iliyouza alizeti Juni na Julai hurudi sokoni Januari na Februari kununua mahindi au mtama, wakati debe limepanda sana, na hapo ndipo huenda kwa mfanyabiashara mwenye daftari lake. Ugonjwa wa mama ulikuwa sababu ya kweli, lakini ningependa kujua kama hata asingeugua mngevuka mwezi huo bila kukopa. Mimi ningeshauri ekari moja na nusu irudi kwenye mtama au uwele, mazao yanayolistahimili jua la huko, na zao hilo lizungushwe na alizeti mwaka hadi mwaka ili udongo na magonjwa vipate nafuu.

Mbegu pia ina sehemu yake. Magunia sita kwa ekari si mabaya kwa mbegu ya kuhifadhi nyumbani, lakini ninahisi kwamba baba bado anapanda Record, ile aina ya zamani ya mbegu ya alizeti, iliyochaguliwa kutoka ghalani mwake mwenyewe, miaka na miaka. Alizeti huchavushwa na nyuki, na nyuki hawajui mpaka wa shamba. Mbegu iliyohifadhiwa hivyo huchanganyika, vichwa vinakosa ulingano na mafuta yanapungua. Si lazima akimbilie chotara ya bei kubwa, ambayo haifai kuhifadhiwa kwa msimu unaofuata. Mbegu iliyothibitishwa ya Wakala wa Mbegu za Kilimo, kilo mbili hivi kwa ekari, ikipandwa kwa mistari yenye nafasi ya sentimeta 75 na shimo hadi shimo sentimeta 30, italeta tofauti itakayoonekana kwa macho.

Kuhusu mashine, mimi nimezaliwa Kongwa, na nimekua nikisikia wazee wakisimulia mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta baada ya vita, ikapanga kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalifika kabla ya mtu kuuliza vizuri habari za mvua na za udongo wetu wa mfinyanzi, ambao kiangazi hukauka ukawa kama sakafu, hata karanga hazing'oki. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimekwisha kutumika. Ninalitaja hili kwa sababu nimeona mara nyingi chuma kikinunuliwa kwanza na maswali yakiulizwa baadaye. Kabla ya kukopa, muulize kaka: mashine hiyo itakula alizeti ya nani kuanzia Novemba mpaka Mei?

Muuza Mafuta Tandika amejibu:

Shikamoo mzee Bwana Shamba, na pole mwalimu kwa yaliyowapata nyumbani. Mimi hununua mafuta ya alizeti Singida na kuyauza kwa jumla hapa Tandika, kwa hiyo mimi ni mmoja wa watu wanaokaa katikati ya zile 36,000 na 88,000 zako. Napenda nikufungulie hesabu yangu ya mwaka huohuo, kwa sababu naona watu wengi hudhani tofauti yote huingia mfukoni mwa mtu mmoja.

Gunia lililonunuliwa kijijini kwa 36,000 lilifika kwenye mashine mjini Singida kwa takriban 42,000, baada ya mnunuzi mdogo kuongeza faida yake na nauli. Kukamua kulikuwa 5,000. Hapo umekwisha tumia 47,000 kwa lita 16, yaani karibu shilingi 2,900 kwa lita kabla mafuta hayajatoka Singida. Baada ya hapo kuna dumu tupu, kuyaacha yatuame na kuyachuja, lori, vibarua wa kupakia na kushusha, pango la stoo, na mafuta yanayomwagika, ambayo hayakosekani. Mimi niliuza kwa jumla kwa shilingi 4,200 kwa lita, na aliyekuuzia Kimara aliongeza yake. Sisemi kwamba sikupata kitu. Nilipata, na nilipata kwa uhakika kuliko baba yako, kwa sababu mimi fedha yangu huzunguka kila baada ya wiki mbili au tatu, ilhali yake huzunguka mara moja kwa mwaka.

Lakini katika hesabu yako kuna kitu kikubwa ambacho hukukitaja kabisa, nacho ni mashudu. Gunia la kilo 65 likishakamuliwa huacha mashudu kilo 45 hivi. Mwaka huo kilo moja ya mashudu tuliiuza kwa shilingi 400 palepale Singida, maana wafugaji wa kuku wa Chanika na Kivule, na wafuga ng'ombe wa maziwa, huyatafuta sana. Hiyo ni shilingi 18,000, nusu kamili ya bei ya gunia zima aliyolipwa baba. Mkulima anayeuza alizeti kwa gunia huuza mashudu bila kuyahesabu, na hata yule anayekwenda kukamua mara nyingi huambiwa kwamba akiyaacha mashudu hatalipa fedha ya kukamua, naye hufurahi, kumbe amelipa 18,000 kwa kazi ya 5,000. Nimesimama kwenye mashine nyingi nikaliona hilo, na linanisikitisha, kwa sababu anayedanganyika kwa kawaida ni mtu aliyekuja na magunia mawili ambaye hana shilingi 5,000 taslimu.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu mashine ni kwamba msinunue. Mashine za Singida ni nyingi kuliko alizeti inayobaki baada ya miezi michache ya mavuno. Nyingi husimama sehemu kubwa ya mwaka, na mkopo hausimami. Badala yake, kamueni kwa malipo taslimu na mwondoke na mafuta pamoja na mashudu. Kwa bei za mwaka ule, lita 16 zikiuzwa barabarani kwa 3,500 ni 56,000. Ukitoa 5,000 za kukamua na 3,000 za dumu zinabaki 48,000, ukiongeza mashudu unafika 66,000. Linganisha na 36,000. Sitaki kukupa matumaini ya bure: barabarani mafuta huuzwa polepole, dumu moja leo na jingine baada ya siku nne, na mafuta yaliyochujwa tu bila kusafishwa huharibika upesi yakiachwa juani. Yale madumu ya manjano yanayopangwa kando ya barabara ili wasafiri wayaone yanapendeza machoni, lakini jua la Singida linayachachisha. Wekeni dumu moja nje kama alama, mengine yakae ndani penye kivuli.

Binti Kilwa amejibu:

Nimesoma michango ya kaka zangu na ya mzee kwa makini, na ningependa kuongeza habari za upande wa ufuta, kwa kuwa mimi ninaishi Mbagala lakini nimelelewa Kilwa na mama aliyetusomesha kwa zao hilo.

Huko kwetu lile deni la magunia alilolichukua baba yake mwalimu tunalijua vizuri sana. Wanunuzi hupita vijijini tangu miezi ya njaa, kabla ufuta haujakomaa, wakitoa fedha kidogo au hata mchele, na mkulima hulipa kwa ufuta kwa kipimo wanachokitaka wao. Kwenye korosho watu huita kangomba, na kwenye ufuta wengi husema chomachoma. Ufuta huvunwa kwa haraka, kwa sababu vitumba vikikauka hupasuka na mbegu humwagika chini. Hukatwa, hufungwa mabunda, husimamishwa ukauke, kisha hukung'utwa juu ya turubai na kupetwa. Kazi hiyo ya kukung'uta na kupeta kwetu ni ya wanawake na watoto. Nimeona pikipiki ikisubiri usiku kando ya turubai, mdai akichota mbegu ambayo haijalala ndani ya nyumba ya aliyeilima hata usiku mmoja. Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga, nami nimeyaona matanga hayo katika nyumba ya shangazi yangu.

Stakabadhi ghalani imebadilisha mengi, na ninasema hivyo nikijua kwamba wapo wanaoilalamikia. Sheria yake ni ya mwaka 2005. Mkulima hupeleka ufuta kwenye chama cha msingi cha ushirika, ambacho sote tunakiita AMCOS, unapimwa kwa mizani, unaandikiwa stakabadhi, unakusanywa ghalani pamoja na wa wenzake, kisha huuzwa kwa mnada chini ya vyama vikuu kama Lindi Mwambao au RUNALI, ule unaounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Siku ya mnada kila mkulima husikia bei kwa masikio yake, na akiikataa pamoja na wenzake mzigo husubiri mnada mwingine. Mama aliniambia kwamba katika maisha yake yote ya kilimo, ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa kama ameridhika.

Ugumu uko kwenye kusubiri. Kati ya siku ya kupima na siku ambayo fedha huingia benki hupita siku nyingi, na mwenye mtoto mgonjwa au mwenye deni hawezi kusubiri, hivyo anarudi kwa chomachoma hata kama anajua atapunjwa. Ndiyo maana ninaona kwamba mzee na kaka wa Tandika wamesema kweli juu ya bei, mbegu na mashudu, lakini yote hayo humfaa mtu mwenye uwezo wa kusubiri wiki sita. Kaya ya mwalimu haikuwa na wiki hizo. Magunia manane yalikuwa yamekwisha kuuzwa tangu Februari, kwa shilingi 25,000 kila moja, katika mwaka ambao hata bei mbaya ya mavuno ilikuwa 36,000. Kama bei ingebaki 75,000, mkopo huo wa 200,000 ungelipwa kwa alizeti ya 600,000. Mkopo wa mazao ukiutazama hivi, ndio mnunuzi wa kwanza na wa bei ya chini kuliko wote, na humfikia mkulima kabla ya yeyote kati yetu.

Naomba pia nimuulize mwalimu swali ambalo huenda likawa zito. Katika daftari la baba, mama yako yumo? Sisemi kwa kumvunjia baba heshima. Kwetu ufuta na karanga yalikuwa mazao ya wanawake wakati yalipokuwa ya kitoweo na ya kuuza vibaba sokoni. Bei ilipopanda, yakageuka kuwa mazao ya nyumba, na nyumba ikawa na akaunti moja yenye jina moja. Mama yangu alijiandikisha chamani kwa jina lake na kufungua akaunti yake baada ya kubishana sana na ndugu wa marehemu baba, ambao walidai kwamba shamba ni la ukoo. Afisa mmoja wa kijiji aliwasomea Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayompa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, wakanyamaza. Ada yangu ya kidato cha kwanza ilitoka katika akaunti hiyo.

Mwalimu wa Kimara amejibu:

Dada Binti Kilwa, swali lako limenifanya nifunge simu na kukaa kimya kwa muda. Mama hayumo katika daftari. Palizi ya vibarua imeandikwa kwa tarehe na majina, lakini palizi ya mama, ambayo ninajua ilikuwa karibu ekari moja na nusu, haikuandikwa popote, wala siku alizopiga alizeti akiwa bado hajapona vizuri. Nilimpigia jana jioni nikamuuliza kama angependa apimiwe sehemu yake. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuuliza hivyo. Amesema angetaka nusu ekari ya karanga na fedha yake aiweke kwenye kikoba cha wanawake wa kanisani, ambacho tayari ni mwanachama kwa akiba anayoipata kwa kuuza mayai.

Mzee, umepatia kuhusu mbegu. Ni Record ya nyumbani. Na umepatia kuhusu chakula pia, maana katika kurasa za Januari na Februari kila mwaka nimekuta mahindi ya kununua. Sikuyazingatia kwa sababu nilikuwa nikitafuta alizeti tu.

Kuna jambo jingine nililoligundua kuhusu mimi mwenyewe. Kila mwaka mimi hutuma fedha nyumbani mara mbili, Juni ninapokwenda likizo na Desemba wakati wa Krismasi. Juni ndio mwezi ambao wao wana mavuno, na fedha ya Desemba huishia kwenye nguo na sikukuu. Sijawahi hata mara moja kutuma Februari, kwa sababu Januari huwa nimelipa ada na kodi ya nyumba na ninaona mwezi huo ni mgumu kwangu. Laki mbili zilizokopwa kwa magunia manane ni kiasi ambacho ningeweza kukiweka kidogo kidogo tangu Agosti.

Nimemwandikia kaka kwamba sitakopa kwa ajili ya mashine, na nimemweleza sababu zote bila kumficha. Hakufurahi. Nimemwahidi kwamba nitachangia mbegu iliyothibitishwa ya ekari mbili na nusu, na kwamba Februari baba asikope kwa mtu, anipigie mimi kwanza. Naye amekubali kwamba tujaribu kukamua magunia sita tu kwa malipo taslimu na kuondoka na mashudu. Kaka wa Tandika, tukikusanya mashudu ya magunia hayo sita na ya jirani mmoja au wawili, je, utaweza kuyapokea, na tunatakiwa kuyatunzaje hadi lori lako lipite?

Muuza Mafuta Tandika amejibu:

Nitayapokea, mwalimu, ikiwa yatafika kilo 500 au zaidi, kwa sababu chini ya hapo kupakia na kushusha kutakula faida yenu. Tafuteni jirani wa pili. Mashudu yakitoka kwenye mashine huwa ya moto na yenye unyevu, kwa hiyo yasifungwe siku hiyo. Yaanikwe kwenye turubai safi kivulini mpaka yapoe na kukauka kabisa, ndipo yatiwe kwenye mifuko inayopitisha hewa na kupangwa juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu. Yakishika unyevu huota ukungu, na ukungu unaweza kuleta sumukuvu, ambayo huua kuku na haiondoki hata yakianikwa tena. Mzigo wa namna hiyo sitaununua, hata ukiwa wenu.

Yafungeni kilo 50 kwa mfuko, zilizopimwa kwa mizani, bila kurundika juu. Kaka aniandikie uzito wa kila mfuko kwenye karatasi na abaki na nakala yake. Lori langu hupita Misigiri kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano usiku, na dereva atalipa palepale.